Jicho la Kushoto la Mama wa Dhahabu

Enzi zetu, sie tuliokulia kati ya Tandale na Mwananyamala, tulikuwa na dhahabu. Msicheke. Ilikuwa imesimama juu ya jengo la baraza la kata, pale ambapo kila mwenye kesi ya uzio, ya kuku au ya mume aliyesahau njia ya nyumbani alilazimika kuinua shingo aione kabla hajaingia. Alikuwa mwanamke mzima, mizani mkono wa kushoto, upanga mkono wa kulia, dhahabu tupu kuanzia ushungi mpaka vidole vya miguu. Vidole nilivihesabu mwenyewe: kumi. Nikarudia: kumi. Nasema hivi kwa kuwa wapo watu wa mtaa wa pili ambao mpaka leo wanashikilia vilikuwa tisa, na watu hao hawakuwahi kuhesabu, walisikia.

Aliyemtengeneza ni baba yangu.

Baba, Fundi Shomari, alikuwa mtu wa kupiga plasta. Ukuta wake ukiegemea, unaegemea kwa sababu wewe umesimama vibaya. Sanamu hakuwa amezizoea. Kazi yake kubwa kabla ya hapo ilikuwa simba wawili wa saruji mlangoni kwa Mwarabu mwenye duka, na simba wale walifanana na mbwa kiasi kwamba kila mpita njia alimuuliza mwenye duka kama wanauma. Mwarabu aliwapenda hivyo hivyo. Alisema mwizi wa Tandale hajawahi kumwona simba, atamwogopa vipi? Mbwa anamjua.

Nyumbani tulizaliwa watatu: Mosi, Pili, na mie Tatu. Kwenye majina baba hakuwa mtu wa kupoteza muda. Mama, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mosi, aliuza mchele soko la Tandale, na alikuwa na msemo wake: "Hesabu ya kwanza ni ya macho, ya pili ndiyo ya akili." Alihesabu vikombe baada ya wageni kuondoka. Alihesabu wageni wenyewe pia, wakiingia na wakitoka, asije mmoja akabaki. Tabia hiyo niliirithi, na imenisaidia maishani kuliko cheti chochote.

Tulikwenda shule na fagio Jumatatu na kidumu cha maji siku zote. Tulikula muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati ukatiwa chumvi na pilipili, umefungwa kwenye karatasi ya daftari la mtu, kwa hiyo ulikuwa unakula huku unasoma hesabu za mtoto wa darasa la nne na kugundua amekosa. Jioni tulicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka kivumbi kikawa kinatangulia nyumbani kutusemea. Mchezo wowote ulioanza bila ugomvi tuliuona haujaanza. Watoto wa leo nawaona wamekaa wanne kwenye kochi moja, kila mmoja na simu yake, hawagombani hata kidogo. Mama zao wanawasifu. Mie nawaangalia nikidhani wanaumwa.

Sasa, ile sanamu. Siku moja baba alirudi na karatasi. Aliitandaza kwenye mkeka, tukaizunguka wote. Ilikuwa picha ya kuchorwa ya mwanamke aliyesimama, ana mizani, ana upanga, bega moja liko nje, na kitambaa kimemfunika macho. Baba alisema jengo jipya la baraza linakaribia kwisha, na wakubwa wa wilayani wanataka juu yake akae mama huyu, wa dhahabu. Anaitwa Haki.

Tulimtazama Haki kwa muda.

"Maskini," mama akasema. "Ushungi umemteremka."

Naomba muelewe. Hakuna aliyecheka. Pale kwetu hakuna aliyewahi kuona mtu akipima kitu amefungwa macho. Sokoni ukifumba macho unapima, mteja hakusubiri uyafumbue. Kwa hiyo mwanamke wa kwenye karatasi alikuwa wazi kabisa: amesimama juani, mikono yote miwili ina mizigo, upepo umepiga, ushungi umemshukia usoni na hana mkono wa kuupandisha. Kila mwanamke mtaani ilishawahi kumkuta. Baba alitikisa kichwa kwa masikitiko akasema mchoraji naye hana adabu, kumwona mama wa watu katika hali ile na badala ya kumsaidia akakaa kumchora.

Kwa hiyo baba akamsaidia. Ushungi aliupandisha ukakaa kichwani sawasawa. Bega alilifunika kwa kanga ya saruji yenye mikunjo mizuri sana. Mifupa ilikuwa ya nondo, nyama ya wavu wa kuku, ngozi ya saruji iliyotoka kiwanda cha Wazo, na kazi yote ilifanyika uani kwetu. Mama alisimama jioni tano ameinua mizani yake ya sokoni ili baba aone mkono unakaaje. Baba hakusema kwamba anamtengeneza mama, na mama hakuuliza. Lakini pua ile ilikuwa ni pua tuliyokula nayo kila siku.

Upanga ulitoka mfupi kwa sababu nondo ilikuwa fupi. Bi Kidawa, jirani yetu aliyeuza ubuyu na kashata na habari za watu, aliuangalia akasema huyu ameshika mwiko, anasubiri pilau iive. Sahani za mizani zilikuwa mifuniko miwili ya sufuria. Mama aliihesabu mifuniko yake: mitano. Akarudia: mitano. Sufuria zilikuwa saba. Alimwangalia baba, na baba akaangalia pembeni kama mtu anayesikiliza adhana. Tangu siku hiyo wali wa nyumbani kwetu ulifunikwa kwa sinia.

Dhahabu ilikuwa ya unga, ya kuchanganya na vanishi. Baba alimpaka mama yule mara mbili, mkono wa kwanza na wa pili, na kila kilichopita karibu kilipata chake. Jogoo wetu alitoka pale na mkia wa dhahabu, akawa hachanganyiki tena na kuku wa majirani.

Siku ya kumpandisha walikuja wanaume kumi na wawili na kamba. Walipomsimamisha juu ya paa, jua likampiga, mtaa mzima tukakinga macho. Alikuwa anatutazama. Macho mawili makubwa, ya mama, yenye ile namna ya mama ya kukuangalia mpaka unakumbuka ulichokificha. Mie nilikuwa na kashata mfukoni ambayo Bi Kidawa hakujua kwamba imepungua mezani kwake. Nikairudisha. Nadhani hiyo ndiyo kesi ya kwanza kuamuliwa pale.

Kesho yake akaja mkaguzi kutoka wilayani. Alishuka kwenye gari na faili lake na viatu vilivyong'aa, akaangalia juu, akaiangalia karatasi, akaangalia tena juu.

"Fundi," akasema, "mbona huyu mama yuko macho?"

"Bwana mkubwa, yuko kazini," baba akajibu. "Alale kwa nini?"

"Kwenye karatasi amefungwa kitambaa."

"Kwenye karatasi ushungi ulimteremka. Mie nimempandishia."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli, na kwamba fundi amefanya jambo la heshima. Yule bwana alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye haraka. Akaeleza kwamba kitambaa si ushungi. Ni cha kumfunga macho makusudi, kwa maana Haki haitakiwi kuangalia sura ya mtu, huyu tajiri, yule maskini, huyu shemeji yangu.

Bi Kidawa akauliza, "Sasa kama haoni, mizani anaisomaje?"

Mkaguzi akasema hiyo ni maana tu.

"Maana ya nini?"

"Mama, wewe unauza nini?"

"Ubuyu."

"Basi uza ubuyu."

Baba alikuwa ameshika timazi yake mkononi, ile kamba yenye risasi ya kunyooshea kuta. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alisema mbele ya wote, nami nikiwa nimemshika shati: "Bwana, mengine yote nitarekebisha. Lakini mie sitamfumba macho mtu anayepima."

Mkaguzi akafunga faili. Akasema wageni wanakuja kufungua jengo Jumamosi. Kama hadi Alhamisi macho hayajafumbwa, Ijumaa analetwa fundi wa mjini na nyundo, huyu anashushwa vipande vipande. Akaanza kurudi kwenye gari.

Hapo ndipo mama alipofika kutoka sokoni, kikapu kichwani. Bi Kidawa alimpa habari yote kwa pumzi moja. Mama akakitua kikapu, akajifunga kanga vizuri, akasimama kati ya mkaguzi na mlango wa gari. Mie nilimjua mama. Mguu wake wa kulia ulikuwa mbele kidogo. Hivyo ndivyo alivyosimama mteja akianza kuondoka.

"Habari za kazi, bwana. Unataka mangapi?"

"Mangapi nini?"

"Macho."

"Yote mawili, mama."

"Ukija kwangu kununua mchele, nikakupimia nimefumba yote mawili, utauchukua?"

Akafikiri. "Sitauchukua."

"Basi mawili huyataki. Tumeshaelewana hapo."

"Mama, ni utaratibu."

"Utaratibu umeandika mawili?"

"Picha inaonyesha kitambaa."

"Kitambaa nimekiona. Macho yaliyo chini ya kitambaa umeyahesabu?"

Watu wakacheka. Mkaguzi naye akataka kucheka, akajizuia, akaangalia saa.

"Mama, usinichezee. Nipunguzie maneno."

"Nimeshapunguza. Chukua moja."

"Moja?"

"La kushoto, upande wa mizani. Mtu akitaka kuona ulimi wa mizani umesimama wapi, anafumba jicho moja. Muulize fundi hapa, akiangalia timazi anafanyaje."

Mkaguzi akamgeukia baba. Baba alikuwa anaangalia chini.

"Haya," mkaguzi akasema. "Moja. Lakini lifumbwe kweli. Alhamisi nakuja kuliangalia."

Watu wakapiga makofi, Bi Kidawa akapiga kigelegele. Mama akakipandisha kikapu chake kichwani. Ndiyo biashara kubwa kuliko zote alizowahi kufanya: alikuwa ameinusuru sanamu, na kazi ya mumewe, na jina lake, kwa bei ya jicho moja. Alimtazama baba apate japo tabasamu. Baba alikuwa ameshaanza kupanda jukwaa la ujenzi.

Alizungushia turubai, akafanya kazi juu kule siku tatu, peke yake. Chakula alipandishiwa kwa kamba. Mosi, kaka yetu mkubwa, alitaka kupanda kumsaidia kuchanganya saruji, akaambiwa abaki chini. Alhamisi mkaguzi akaja. Baba alikuwa ameshaondoa turubai na kumpaka dhahabu upya. Mkaguzi akakinga jua kwa faili, akamtazama mama wa dhahabu kutoka mbele, kisha kutoka kila upande.

"Limefumba?" akamuuliza Bi Kidawa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"Limefumba kama la kuku anayekunywa dawa."

"Panda uhakikishe, bwana," baba akasema kwa adabu.

Mkaguzi akayatazama magogo ya jukwaa yaliyofungwa kwa kamba za katani. Akavitazama viatu vyake. "Hapa hapa naona vizuri," akasema.

Jumamosi jengo likafunguliwa, wageni wakala, wakaondoka. Mama wa dhahabu akabaki juu, jicho la kulia wazi, la kushoto limefumba.

Sie watoto tulichukua siku mbili tu kuelewa faida yake. Ukisimama kumtazama, jicho lililofumba liko kulia kwako, upande ule ule wenye ukuta mrefu wa baraza na meza ya Bi Kidawa. Kwa hiyo upande huo haonwi mtu. Mambo yote yasiyofaa yakahamia pale. Tuliotoroka madrasa tulikaa pale. Waliotaka kuandika majina ya watu ukutani kwa mkaa waliandika pale. Ubuyu wa Bi Kidawa ulipungua kutoka ncha ile ile ya meza, na yeye mwenyewe alisema ni panya, akasifu panya wa mtaa wetu kwa kuchagua mwekundu tu. Vijana wakubwa walipeana barua pale. Ndoa tatu za mtaani zilianzia upande ule. Nimehesabu mara mbili. Moja haikudumu, lakini ilianza.

Upande wa jicho la wazi hakuna aliyewahi kufanya jambo. Hata mbuzi walipita kwa heshima.

Ila baba alilipa. Kwenye kahawa walianza kumwita Fundi Jicho Moja. "Fundi, leo utanywa kwa jicho lipi?" Au mtu akikosea kucheza bao: "Usimlaumu, amejifunza kwa Shomari." Baba alikunywa kahawa yake, akanyanyuka, akaenda. Shuleni msichana mmoja aliniambia: "Baba yako alisema hatafumba. Akafumba." Nikampiga. Akanipiga zaidi, nami sikujitetea vizuri kwa sababu alikuwa na hoja.

Nilirudi nyumbani na mdomo umevimba, nikamuuliza, "Baba, mbona ulikubali?"

Alikuwa ananoa mwiko wake wa plasta. Akasema, "Mwanangu, kazi ikiwa juu, watu wako chini."

Niliona ni maneno ya mtu anayejifariji. Nikamhurumia, na kumhurumia baba yako ukiwa na miaka tisa ni mzigo ambao hakuna mtoto anayepaswa kuutwishwa. Heri kidumu cha maji.

Kila dhahabu ilipochujuka, baba alipanda kumpaka upya. Mara zote alikataa msaidizi. Sie nyumbani tulidhani ni aibu, hataki mtu amwangalie akiwa karibu na lile jicho. Mama ndiye iliyemuuma zaidi. Hakusema siku ile, wala mwaka ule, lakini nilipokuwa mtu mzima nimekaa naye kwenye kizimba chake sokoni, ilikuwa inamtoka ghafla katikati ya kupepeta mchele: "Niliharakisha. Yule bwana alikuwa na haraka kuliko mie. Ningesimama kidogo tu, angekubali nusu jicho." Na siku nyingine: "Baba yako alisema neno mbele za watu, mie nikaenda nikauza nusu yake." Kumuuliza baba kama amesamehe, hakumuuliza. Watu wa zamani hawakuwa na mazungumzo hayo. Alimpikia, akafunika kwa sinia, ndiyo mazungumzo yenyewe.

Baba alitutoka ni mwaka wa sita sasa. Au wa saba. Nimehesabu mara mbili na majibu hayakulingana, na hilo halijawahi kunitokea kwa kitu kingine. Hakuacha neno lolote kuhusu jicho.

Mwaka huu, kabla ya masika, nikasikia jengo la baraza linafanyiwa ukarabati. Nikaenda. Nilimkuta injinia kijana, kofia ya plastiki kichwani, na mabati mapya, na vioo, na sanduku refu la mbao. Ndani ya sanduku kuna Haki mpya, imeagizwa kutoka nje, nyepesi kama ndoo, inameremeta, macho imefungwa kitambaa tayari tangu kiwandani.

"Shikamoo mama," akasema. Vijana wa sasa salamu wanayo, tuseme kweli.

"Marahaba. Na huyu wa juu?"

"Huyo tunamvunja kesho. Hana hata vipimo, mama. Upanga wenyewe kama mwiko."

"Ni mwiko. Baba yangu ndiye aliyemtengeneza."

Akavua kofia. Kisha akaivaa tena maana wanakatazwa kuivua. Nikamwuliza nini kinazuia kumshusha mzima. Akasema kumshusha kunahitaji watu na muda. Nikamwuliza watu wangapi. Akasema kumi. Nikamwambia enzi zile walimpandisha kumi na wawili, na kushuka ni rahisi kuliko kupanda, basi sita. Tukasimama kwenye nane na sufuria la pilau kwa mafundi wote. Akataka wamweke nyuma, penye matangi ya maji. Nikasogeza mguu wangu wa kulia mbele kidogo. Tukamaliza getini, anatazama barabara, kivulini. Mwanangu, ambaye akiambiwa bei anasema "poa" na kugusisha simu, alinisubiri kwenye bajaji akaniuliza tulikuwa tunagombana nini kwa muda wote ule. Hawa watoto hawajui hata raha wanayokosa.

Siku ya kumshusha nilikwenda na mama. Mama sasa ana miaka yake, na mtoto wa jicho amemfunika macho; la kulia anaona mwanga, la kushoto haoni kitu. Aliwahi kuniambia bila kubadili sura kwamba sanamu ilimtangulia kuzeeka, ndiyo tofauti pekee. Tulimshusha mama kwenye bajaji, injinia akamletea kiti, mama akakaa akasikiliza kamba zikilia.

Mama wa dhahabu alipotua, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni udogo wake. Juu kule alikuwa mkubwa kuliko serikali. Hapa chini alinifika begani. Cha pili nikakiona nilipomsogelea usoni.

Jicho la kushoto lilikuwa wazi.

Nikapepesa. Nikaangalia tena. Kope ya chini baba alikuwa ameijenga juu kwa saruji, kama ukuta wa baraza, ikakingia jicho lote. Ukiwa chini barabarani unaona ule ukuta tu, mviringo, umetulia, unaapa kwamba ni jicho limefumba. Ukilingana naye, unaona juu ya ukuta jicho zima, kubwa, halijaguswa, linakutazama.

Injinia akaja kuchungulia. "Eh," akasema. "Kumbe paa la kuficha." Ndiyo nyumba zinazojengwa kila mahali siku hizi, bati limefichwa nyuma ya ukuta, ukipita unadhani haina paa. Vijana wanadhani wamegundua wao.

"Kuna nini?" mama akauliza.

Nilimshika mkono nikamnyanyua, nikamsogeza. Mkono wake ukaanza kwenye mizani. Ukapita kwenye sahani, ukasimama kwenye kibonyeo kimoja pembeni.

"Mfuniko wangu," akasema. "Wa sufuria namba sita."

Kisha mkono ukapanda. Ukapita kwenye kanga, kidevuni, kwenye pua, ukakaa hapo kidogo kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao. Ukagusa jicho la kulia. Ukahamia la kushoto, ukapanda ule ukuta wa saruji, ukaingia nyuma yake.

"Moja," akasema. "Mbili."

Akarudisha mkono mwanzo.

"Moja. Mbili."

Mafundi wote walikuwa wamenyamaza, na pilau lilikuwa halijafika, kwa hiyo si kwa sababu ya kula. Mama alibaki kidole chake nyuma ya ule ukuta. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Miaka yote hii," akasema, "nalilia kitu nilichokiuza, kumbe hakikuwahi kutoka dukani."

Haki mpya iko juu sasa. Ni nzuri, sisemi vibaya. Imefungwa macho sawasawa na karatasi, haina kibonyeo, na mifuniko ya mtu haimo. Sokoni nako, kwenye kizimba cha mama ninachokishika sasa, tunapima kwa mizani ya umeme, namba inawaka, mteja anaiangalia namba na mie naiangalia namba, tunaachana bila kujuana sura. Inapima vizuri kuliko mama. Ila zamani, mtu akikupimia, alikuangalia usoni mpaka mwisho, na ulipoondoka ulijua umepunjwa au umeongezwa, na aliyekufanyia hivyo unamjua kwa jina na kwa mama yake.

Huyu wa kwetu yuko getini, macho mawili. Na nyie mliokuwa mnapitia upande ule wenye meza ya ubuyu, mnajijua, nami najijua: tulikuwa tunaonwa. Wote. Kila siku.

Tulipokuwa kwenye bajaji tunarudi, mama alihesabu matuta ya barabarani mpaka tukakaribia nyumbani. Kisha akauliza, "Ule ubuyu wa Bi Kidawa, wewe ulichukua mara ngapi?"

Nikamwambia mara moja.

"Rudia kuhesabu," akasema.